Kuweka modemu ya DSL katika modi ya daraja na kuiachia ruta yako kazi yote

Kisanduku cha DSL unachopewa na mtoa huduma hubeba kazi mbili ndani ya ganda moja. Kwanza ni modemu: kinasikilizana na mtambo ulio mwisho wa pili wa waya wa simu na kugeuza mawimbi ya waya huo kuwa data. Pili ni ruta: kinaingia kwa mtoa huduma kwa jina na nenosiri, kinapokea anwani ya IP, kinazigawia simu na kompyuta za ndani anwani zao, na kulinda mlango. Modi ya daraja huizima kazi ya pili na kuiacha ya kwanza. Fremu (vifurushi vya data) zinazotoka kwenye ruta yako zinavuka modemu bila kufunguliwa, kana kwamba kebo ya ruta imechomekwa moja kwa moja kwa mtoa huduma.

Kanuni inayotawala kazi hii yote ni moja: anayefungua kikao kwa mtoa huduma, yaani anayeingia kwake na kupewa anwani, awe mmoja tu, naye ni ruta. Ukikwama popote katika mwongozo huu, jiulize kwanza nani hivi sasa anafungua kikao. Mara nyingi utakuta vifaa viwili vinagombea kazi hiyo, au vyote viwili vimeiacha kila kimoja kikidhani mwenzake anaifanya.

Unapata nini, unapoteza nini

Faida kubwa ni kuondokana na NAT mara mbili (NAT ni ruta kuvificha vifaa vya ndani nyuma ya anwani yake moja). Fungua ukurasa wa hali wa ruta yako utazame anwani iliyo upande wa WAN, yaani upande unaoelekea intaneti. Ikianza na 192.168, au 10, au ikiwa kati ya 172.16 na 172.31, ruta yako imejificha nyuma ya ruta nyingine, yaani kile kisanduku cha DSL. Ndiyo maana poti uliyoifungua kwa ajili ya kamera haifiki, michezo ya mtandaoni inalalamika, na VPN inayoanzishwa kutoka nje haikufikii: umefungua mlango wa ndani, ule wa nje bado umefungwa.

Faida ya pili huonekana zaidi kwenye nyumba yenye vifaa vingi. Visanduku vya bei ndogo vina kumbukumbu finyu ya kutunza orodha ya miunganisho iliyo wazi. Programu moja ya kupakua mafaili kwa kugawana na mamia ya watu inaweza kuijaza orodha hiyo, kisanduku kikaganda mpaka kizimwe na kuwashwa. Kikiwa daraja hakitunzi orodha yoyote, kwa hiyo hakina cha kujaza.

Sasa yale ambayo modi ya daraja haifanyi. Haiongezi kasi ya waya. Waya wenye kelele utabaki na kelele, na laini inayokatika kila mvua inyeshapo itaendelea kukatika. Pia haiondoi NAT iliyoko kwa mtoa huduma mwenyewe. Ukimaliza kila kitu na WAN ya ruta ikaonyesha anwani iliyo kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mtoa huduma anawagawia wateja wengi anwani moja ya umma, na dawa yake ni kumwomba akupe anwani yako peke yako.

Na kuna vitu vinavyokufa. Kama simu ya mezani imechomekwa nyuma ya kisanduku chenyewe, sauti yake inapita kwenye intaneti, na kisanduku kinahitaji kikao chake ili simu hiyo ilie. Ukikigeuza daraja, katika visanduku vingi simu inanyamaza. Simu iliyochomekwa kwenye kichujio ukutani haiguswi. Televisheni ya mtoa huduma inaweza kuwa na njia yake ya pekee ndani ya kisanduku. Iache njia hiyo kama ilivyo, ubadilishe ya intaneti pekee. Mwisho, katika visanduku vingi mtoa huduma hataweza tena kuingia kwenye kisanduku kwa mbali kukirekebisha au kusasisha programu yake.

Kabla hujagusa chochote

Kosa linalowaumiza watu zaidi ni kubonyeza kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani kabla ya kuwa na jina na nenosiri la laini. Kwenye ukurasa wa kisanduku nenosiri huonekana kama nukta tu, na likishafutika limefutika. Mpigie mtoa huduma, uliza haya, na uyaandike kwenye karatasi, kwa sababu kuna dakika ambazo hutakuwa na intaneti:

- Aina ya muunganisho: PPPoE au PPPoA, ambazo huingia kwa jina na nenosiri, au IPoE isiyo na jina wala nenosiri.
- Jina la mtumiaji kamili, pamoja na sehemu inayofuata alama ya @ kama ipo, na nenosiri.
- Kwa ADSL (DSL ya zamani): namba mbili za VPI na VCI, zinazotambulisha njia ya data ndani ya waya, na aina ya ufungashaji wa data, LLC au VC-Mux.
- Kwa VDSL (DSL mpya yenye kasi zaidi): namba ya VLAN, yaani lebo ya kutenganisha huduma kwenye waya mmoja, kama inatumika.

Namba za VPI na VCI hutofautiana kutoka nchi hadi nchi na kampuni hadi kampuni. Jozi zinazokutwa sana ni 8 na 35, 0 na 35, 0 na 38, 1 na 32, lakini usikisie. Laini inaweza kushika vizuri kabisa na taa ya DSL ikatulia hata kama jozi uliyoweka si yenyewe, kisha data isipite hata chembe. Namba sahihi tayari zimo kwenye kisanduku kinachofanya kazi. Fungua ukurasa wa WAN uzinakili, au upige picha kila ukurasa kwa simu.

Kama aina ni PPPoA, simama kidogo. PPPoA hupakia mazungumzo ya PPP (yale ya kuingia kwa jina na nenosiri) moja kwa moja ndani ya seli za ATM, vifurushi vidogo vya data vya ADSL, bila Etheneti katikati, na daraja la kawaida halina fremu za kuvusha. Mitandao mingi yenye PPPoA hukubali PPPoE pia kwenye jozi ileile ya VPI na VCI, kwa hiyo muulize mtoa huduma swali hilo hasa. Asipokubali, utahitaji modemu inayoweza kutafsiri PPPoE kuwa PPPoA.

Hifadhi pia nakala ya mipangilio yote ya kisanduku. Menyu huitwa "Backup". Andika na takwimu za laini: kasi ya kushuka na kupanda, ukingo wa kelele kwa desibeli (nafasi iliyobaki kabla kelele haijaishinda laini), na upungufu wa mawimbi njiani. Utazihitaji baadaye ukitaka kujua kama laini yenyewe imebadilika.

Kwenye modemu

Fuata mpangilio huu kwa zamu. Ukizima DHCP (kazi ya kuvigawia vifaa anwani) mapema, kwa mfano, utajifungia nje kabla hujamaliza.

1. Chomeka kompyuta kwenye tundu la kwanza la LAN (mtandao wa ndani) kwa kebo ya Etheneti. Zima Wi-Fi ya kompyuta. Usifanye kazi hii kwa Wi-Fi, kwa sababu Wi-Fi ya kisanduku itazimwa katikati.

2. Fungua kivinjari uandike anwani ya kisanduku, mara nyingi 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.1.254. Kama huijui, andika `ipconfig` kwenye Windows. Iko mbele ya maneno "Default Gateway". Ingia kwa jina na nenosiri lililobandikwa chini ya kisanduku. Hili ni nenosiri la ukurasa, tofauti na lile la laini.

3. Badilisha anwani ya LAN ya kisanduku iwe nje ya mtandao wa ruta yako. Kama ruta itatumia 192.168.1.1, kipe kisanduku 192.168.2.1, na kinyago ("Subnet Mask") kibaki 255.255.255.0. Watu wengi huruka hatua hii kwa kuwa intaneti hufanya kazi bila ya hiyo. Siku unapotaka kusoma takwimu za laini ndipo unapogundua kwamba vifaa viwili vina anwani moja na cha nyuma hakifikiki. Ukihifadhi, ukurasa utakatika. Chomoa kebo na kuichomeka tena, kisha ingia kwa anwani mpya.

4. Nenda kwenye menyu ya WAN. Nyingine huitwa "Internet", "Broadband" au "Layer 2 Interface". Utakuta mstari mmoja au zaidi. Tafuta ule wa intaneti: ndio wenye jina lako la mtumiaji. Mistari mingine inaweza kuwa ya simu, ya televisheni au ya usimamizi wa mtoa huduma.

5. Uhariri mstari huo, usiongeze mwingine. Baadhi ya modemu hukataa mistari miwili yenye VPI na VCI moja, na zile zinazokubali zinakuletea mgogoro wa vikao viwili. Badilisha aina kutoka PPPoE kwenda "Bridge". Kwingine imeandikwa "Bridging", "Pure Bridge" au "1483 Bridged", jina lililotokana na waraka wa kiufundi RFC 1483 wa mwaka 1993. Acha VPI, VCI na ufungashaji kama vilivyokuwa. Modemu nyingine hazikubali kubadilisha aina ya mstari uliopo. Hapo ufute, kisha uunde upya kwa namba zilezile ulizoandika.

6. Amua nani anaweka namba ya VLAN. Ukiiandika kwenye modemu, ruta isiandike kitu. Ukiiacha wazi kwenye modemu, iandikwe kwenye ruta. Ikiwekwa pande zote mbili, fremu inabeba lebo mbili na mtoa huduma anaitupa; isipowekwa kokote, inatupwa vilevile. Ni rahisi zaidi kuiweka kwenye modemu, kwa sababu ruta nyingi za nyumbani hazina sehemu ya kuiandika.

7. Tazama kama kuna sehemu ya kufunga matundu, iitwayo "Port Binding", "Port Mapping" au "Interface Grouping". Hakikisha tundu la LAN utakalotumia limefungwa na mstari wa daraja. Hapa ndipo kazi nyingi zinapokwama kimyakimya: kila kitu kimeandikwa sawa, lakini ruta imechomekwa tundu la 4 ambalo ni la televisheni.

8. Ipe kompyuta anwani ya kudumu, kwa mfano 192.168.2.10 yenye kinyago 255.255.255.0. Sasa ndipo uzime DHCP ya kisanduku, Wi-Fi yake na UPnP (huduma inayoruhusu programu kujifungulia poti). DHCP ikibaki hai, ruta iliyosahaulika kwenye hali ya kujitafutia anwani itapokea 192.168.2 kitu na kudhani imepata intaneti.

9. Badilisha nenosiri la ukurasa wa kisanduku kama bado ni la kiwandani, hifadhi, na uwashe upya.

Visanduku vingine vina chaguo moja tu, "Bridge Mode" au "Modem Only", linalofanya hatua ya 5, 7 na 8 kwa mkupuo. Litumie kama lipo, lakini angalia kwanza maandishi ya pembeni: baadhi hubadilisha anwani ya ukurasa bila kuuliza.

Kisanduku kikiwaka tena, taa ya DSL itapepesa kisha itulie. Taa ya "Internet" itabaki imezimwa, au katika aina nyingine itakuwa nyekundu. Usihangaike nayo. Taa hiyo huwaka kisanduku chenyewe kinapokuwa na anwani kutoka kwa mtoa huduma, na sasa hakina.

Jaribu kwa kompyuta kabla ya ruta

Hatua hii huchukua dakika tano na huokoa jioni nzima. Ukichomeka ruta moja kwa moja na isifanye kazi, hujui kama kosa liko kwenye modemu, kwenye ruta au kwa mtoa huduma. Kompyuta inakuondolea mmoja wa washukiwa.

Kwenye Windows fungua "Network and Sharing Center", bonyeza "Set up a new connection or network", kisha "Connect to the Internet", chagua PPPoE, andika jina na nenosiri la laini, uunganishe. Hakikisha fayawoli ya kompyuta imewashwa, kwa sababu kwa muda huo kompyuta iko wazi kwenye intaneti bila ruta ya kuikinga. Ikikubali, modemu imekamilika na hutaigusa tena.

Ikikataa, namba ya kosa inasema mengi. Kosa 651 lina maana kompyuta haikupata jibu: kebo, tundu, VLAN au VPI na VCI. Kosa 691 ni habari njema kwa upande wa modemu, kwani mtoa huduma amejibu na kulikataa jina au nenosiri, au anaona jina hilo tayari lina kikao wazi.

Hili la kikao kilichobaki wazi linastahili maelezo. Ulipogeuza kisanduku, kikao chake cha mwisho huenda hakikufungwa kwa adabu. Umeme ulikatwa tu. Mtambo wa mtoa huduma bado unakiona kiko hai na unaruhusu kimoja kwa kila jina. Zima modemu kabisa, subiri dakika kumi au kumi na tano, uwashe. Ukijaribu tena na tena bila kusubiri, kuna mitambo inayokufungia kwa muda kwa sababu ya majaribio mengi, nawe utaamini nenosiri ni baya kumbe liko sawa.

Ukimaliza, kata muunganisho huo kwenye kompyuta kwa kubonyeza "Disconnect", usichomoe kebo tu. Kwa njia hiyo kompyuta inautaarifu mtambo kwamba kikao kimefungwa, na ruta haitasubirishwa.

Kwenye ruta

Chomeka kebo kutoka tundu la modemu ulilolijaribu hadi tundu la WAN la ruta, ambalo kwa kawaida lina rangi tofauti na mengine. Kompyuta iirudishe kwenye kupokea anwani yenyewe, uichomeke kwenye LAN ya ruta.

Kwenye mipangilio ya WAN chagua PPPoE. Andika jina na nenosiri. Sehemu za "Service Name" na "AC Name" ziache tupu isipokuwa mtoa huduma amezitaja; neno lolote utakaloandika hapo hugeuka sharti, na mtambo usiolingana nalo hautajibiwa. Weka muunganisho uwe wa kudumu, si wa kuamka kwa mahitaji. MTU, yaani ukubwa wa juu wa paketi moja kwa baiti, weka 1492. VLAN andika hapa kama hukuiandika kwenye modemu. Hakikisha LAN ya ruta haiko katika mtandao mmoja na modemu.

Kama laini yako ni IPoE, aina ya WAN ni DHCP, na hakuna jina la kuandika. Mtoa huduma huenda anakitambua kifaa kwa anwani yake ya MAC, namba ya kipekee ya kifaa; ikiwa ruta haipati anwani, nakili MAC iliyobandikwa kwenye kisanduku uiweke kwenye sehemu ya "MAC Clone" ya ruta.

IPv6, mfumo mpya wa anwani za IP, haihitaji chochote kwenye modemu. Inapita juu ya kikao kilekile. Kwenye ruta iwashe kwa njia ya DHCPv6 na uombe kipande cha anwani kwa ajili ya LAN, kama mtoa huduma anaitoa.

Tangu sasa ruta ndiyo mlango wa nje wa nyumba. Zima uwezo wa kuisimamia kutoka intaneti, na usasishe programu yake siku hiyohiyo.

Kusoma kumbukumbu ya ruta

PPPoE, iliyoelezwa kwenye waraka RFC 2516 wa mwaka 1999, huanza kwa salamu nne, na kumbukumbu ya matukio ya ruta ("log") inakuonyesha zilipokatikia. Ruta hupaza sauti kwa PADI: kuna mtambo hapo? Mtambo hujibu PADO: nipo. Ruta huomba PADR, mtambo hutoa PADS yenye namba ya kikao. Baada ya hapo huja ukaguzi wa jina na nenosiri, kisha anwani.

Kwenye ruta nyingi zenye Linux ndani yake utaona mstari huu ukijirudia:

`Timeout waiting for PADO packets`

Maana yake ruta inaita na hakuna anayeitika. Nenosiri halina uhusiano wowote na kosa hili, kwa kuwa halijafikiwa bado, hivyo usipoteze muda kuliandika upya. Anza na taa ya DSL ya modemu: imetulia? Kisha tundu la kebo, kisha VLAN, kisha VPI na VCI, kisha ufungashaji. Mwisho, hakikisha mstari wa modemu kweli umekuwa daraja. Kuna modemu zinazoonyesha umehifadhi mpaka uziwashe upya ndipo zinarudi kwenye PPPoE.

Ukiona badala yake neno `CHAP authentication failed` au `PAP authentication failed`, barabara yote hadi kwa mtoa huduma ni safi. Kagua sehemu baada ya alama ya @, herufi kubwa na ndogo, na nafasi tupu iliyojibandika mwishoni uliponakili. Kisha fikiria kikao kilichobaki wazi.

Kuna hali ya tatu inayochanganya: muunganisho unasimama, unakatika, unasimama tena kila baada ya dakika chache, ilhali taa ya DSL haijayumba. Hapo tazama kama kuna kifaa cha pili kinachoingia kwa jina hilohilo. Kinaweza kuwa mstari wa zamani wa PPPoE uliobaki hai ndani ya modemu, au ile kompyuta ya majaribio ambayo bado ina muunganisho wake uliohifadhiwa na imeachwa kwenye tundu jingine la modemu. Kumbuka kwamba matundu yote yaliyofungwa na daraja sasa yako upande wa nje. Kwenye modemu ichomekwe ruta tu.

Taa ya DSL yenyewe ikiyumba, rudi kwenye takwimu ulizoandika mwanzoni. Ukingo wa kelele ulioshuka chini ya desibeli 6 unaeleza kukatika vizuri kuliko mpangilio wowote. Kagua kichujio, waya kati ya ukuta na modemu, na viungio.

Tovuti nyingine zinafunguka, nyingine zinaganda

Dalili hii ni ya MTU. Fremu ya Etheneti hubeba baiti 1500. PPPoE huchukua 8 kati ya hizo kwa vichwa vyake, 6 vya PPPoE na 2 vya PPP, na kukuachia 1492. Ruta ikidhani ina 1500 kamili, paketi kubwa hukwama njiani. Ping inapita, ukurasa mwepesi unafunguka, lakini kuingia benki au kutuma picha kunazunguka bila mwisho.

Pima kwa kompyuta iliyo nyuma ya ruta. Kwenye Windows:

`ping -f -l 1464 8.8.8.8`

Kwenye Linux:

`ping -M do -s 1464 8.8.8.8`

Namba 1464 ni 1492 ukitoa 28 za vichwa vya IP na ICMP. Ikipita, na 1465 ikakataliwa, MTU yako ni 1492 kama inavyotakiwa. Ikikataliwa, punguza kwa 10 mpaka ipite, kisha upande moja moja. Jumlisha 28 upate MTU ya kuandika kwenye ruta. Ruta iwe pia imewasha kubana MSS (ukubwa wa juu wa data ndani ya paketi moja ya TCP), ambayo kwa MTU ya 1492 ni 1452. Ruta nyingi hufanya hivyo zenyewe, lakini kwenye zile za kuandikiwa amri ni juu yako.

Baadhi ya watoa huduma huruhusu MTU ya 1500 kamili juu ya PPPoE, kwa utaratibu wa RFC 4638 wa mwaka 2006. Ili ufanye kazi, WAN ya ruta na modemu lazima zipitishe fremu za baiti 1508. Modemu nyingi za zamani hazipitishi, na hazitasema, zitatupa tu. Kama huna uhakika, baki na 1492.

Kupanga foleni kwenye ruta

Watu wengi hugeuza daraja kwa ajili ya hili: mtu mmoja akipakia video, simu za sauti za wengine zisikatike. Ruta inaweza kupanga foleni vizuri pale tu inapoamini kwamba njia nyembamba ni yake. Ukiiambia kasi ileile ya waya, foleni itajijenga ndani ya modemu ambako huna mamlaka.

Kwa ADSL kasi inayoonyeshwa na modemu ni ya seli za ATM. Kila seli ina baiti 53, na mzigo ni 48 tu, kwa hiyo karibu sehemu moja ya kumi imeliwa kabla hujaanza. Weka kikomo cha ruta kwenye asilimia 85 ya kasi ya waya, pande zote mbili, upime, kisha upandishe kidogokidogo mpaka ucheleweshaji uanze kuongezeka. VDSL haitumii seli hizo, hivyo anza na asilimia 90 au zaidi. Laini ikija kushika kwa kasi ndogo kuliko mwanzo, kikomo hiki hakijirekebishi chenyewe. Ndiyo sababu nyingine ya kutaka kuuona ukurasa wa modemu.

Kuufikia ukurasa wa modemu kupitia ruta

Kikao cha PPPoE hupita juu ya tundu la WAN, lakini tundu lenyewe bado linaweza kubeba anwani ya kawaida pembeni yake. Lipe anwani iliyo katika mtandao wa modemu, na ruhusu NAT kutoka LAN kwenda huko.

Kwenye ruta za MikroTik, ikiwa modemu iko kwenye tundu la ether1:

`/ip address add address=192.168.2.5/24 interface=ether1`

`/ip firewall nat add chain=srcnat out-interface=ether1 action=masquerade`

Kwenye ruta zenye programu ya OpenWrt unda kiolesura kipya cha anwani ya kudumu kwenye kifaa kilekile cha WAN, anwani 192.168.2.5, kinyago 255.255.255.0, sehemu ya lango iache tupu, na ukiweke kwenye eneo la fayawoli la wan. Kama VLAN inawekwa na ruta, kiolesura hiki kikae kwenye tundu lenyewe lisilo na lebo, si kwenye lile la VLAN, kwa kuwa ukurasa wa modemu hausikilizi huko.

Sasa andika 192.168.2.1 kwenye kivinjari na takwimu za laini zitafunguka. Ruta ya nyumbani isiyo na uwezo huu haikuzuii kabisa: chomeka kompyuta kwenye tundu jingine la modemu kwa dakika chache, ikiwa na anwani 192.168.2.10 ya kudumu, soma unachotaka, kisha uichomoe.

Ukihitaji kurudi kama zamani, shikilia kitufe cha tundu dogo cha modemu kwa kijiti chembamba kwa sekunde kama 15 mpaka taa zote zipepese, ingia kwa anwani ya kiwandani, na urudishe ile nakala ya mipangilio uliyohifadhi. Zima kwanza ruta, ili modemu ikiamka isimkute mwingine ameshika kikao.